Jinsi ya kusoma kura za maoni za Wamarekani kuhusu utoaji mimba

Mwanafunzi wangu alinitumia grafu ya mwaka 2022. Machi, wanaounga mkono utoaji mimba ni asilimia 61, Mei, 35, Julai, 62. "Shikamoo mwalimu. Mei kulitokea nini?" Nilicheka, maana shimo hilohilo liliwahi kunikesha.

Hatua ya 1: Pakua majedwali ya taasisi yenyewe. Vichwa vya habari achana navyo.

Hatua ya 2: Soma swali, neno kwa neno. Namba za Machi na Julai ni za Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, ambao hutoa majibu manne: halali daima, halali mara nyingi, haramu mara nyingi, haramu daima. 61 ni jumla ya mawili ya kwanza. Ile ya Mei ni ya Gallup, kampuni ya kura za maoni, wanaouliza tangu 1975 kwa majibu matatu: halali katika hali yoyote, katika hali fulani tu, au haramu kabisa. 35 ni wa "hali yoyote" peke yao. Asilimia 50 wa "hali fulani" wameachwa nje!

Kapu hilo la katikati ndilo lenye mitego. Yumo anayekubali kwa aliyebakwa tu, yumo pia anayepinga miezi ya mwisho tu. Kila kambi hulichota liwe lake. Wewe usilibebeshe upande wowote kabla ya kuona majibu ya swali la nyongeza, ambapo Gallup huwauliza watu hao kama ni hali nyingi au chache. Angalia pia umri wa mimba: mwaka 2023, asilimia 69 walikubali miezi mitatu ya kwanza, 22 tu miezi mitatu ya mwisho.

Na majina ya kambi mimi siyaamini. Mei 2009, asilimia 51 walijiita watetezi wa uhai ("pro-life", jina la kambi inayopinga utoaji mimba), ilhali waliotaka marufuku kamili hawakufika robo.

Hatua ya 3: Weka alama 24 Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofuta Roe, hukumu ya 1973 iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima. Weka nyingine 2 Mei, rasimu ya uamuzi huo ilipovuja.

Hatua ya 4: 61 hadi 62 si habari; tofauti ndogo hivyo inaweza kuletwa na bahati ya nani kaulizwa.

Hatua ya 5: Linganisha na masanduku ya kura. Kansas, Agosti 2022, asilimia 59 walikataa kuondoa haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo. Florida 2024 walioitaka walipata 57 wakashindwa, kwa sababu sheria ya huko inadai 60.

Kijana amechora upya, mistari miwili, rangi mbili. Analalamika kwamba sasa grafu haina msisimko.