Mpapai: panda mitatu shimo moja, usubiri maua

Kila mvua za masika zikikaribia, huku Pongwe naulizwa swali lile lile: mpapai umerefuka, maua umetoa, mbona hauzai? Kwa mbegu za kienyeji, karibu nusu ya miche huwa madume. Ukipanda mmoja mmoja, unabahatisha.

1. Mbegu. Chukua papai lililoivia mtini. Kila mbegu imevikwa kiganda chenye ute, na ute huo huzuia kuota. Sugua kwenye chujio mpaka vyote vipasuke, osha, anika kivulini. Zitaota kati ya wiki 2 na 4.

2. Shimo. Futi 2 kwa 2, mita 3 kutoka shimo hadi shimo, na samadi iliyooza vizuri. Pandisha tuta. Maji yakituama siku 2 tu, mizizi huanza kuoza; nilishapoteza mstari mzima niliopanda bondeni, na bado unaniuma.

3. Miche mitatu kila shimo, ikiachana shubiri moja. Usipande jirani na matango, maboga au matikiti, maana vidukari hutoka huko na virusi vya mipapai.

4. Maua. Hapa ndipo penye kazi. Baada ya miezi 4 hadi 6, simama chini ya mti utazame. Dume huning'iniza vikonyo virefu vyenye viua vyembamba vingi. Ua la jike ni nene, limebana kwenye kwapa la jani. Lichane katikati utakuta kitunda kichanga cha kijani. Mwenye jinsia zote mbili naye maua yake hukaa karibu na shina, ila ni membamba kuliko ya jike, na matunda yake huwa marefu. Bakiza mti mmoja unaozaa kila shimo, na dume mmoja kwa majike kumi hivi. Inayozidi ikate usawa wa udongo. Ukiing'oa utavuta mizizi ya mwenzake.

5. Kuvuna. Mstari wa njano ukionekana kwenye ganda, chuma na kikonyo chake.

Machanga nayo yana kazi. Papai bichi lina utomvu unaolainisha nyama. Kwa kilo moja ya mishkaki, kwaruza kijiko kimoja cha chakula, changanya na ndimu, tangawizi na chumvi, acha nusu saa. Ukilaza usiku kucha nyama itakuwa uji. Pweza mchemshe na vipande viwili vyenye ganda lake, kabla ya kutia tui.