Kabla hujatoka kwenda kutazama ndege Mombasa, angalia maji kwanza

Watu wengi wakisikia habari ya kutazama wanyama na ndege akili inakimbia Tsavo na gari la kukodi, na huku hapa hapa kwetu, kisiwani na pande za Nyali, Bamburi, Mikindani na Mtwapa, kuna mambo unayaona kwa nauli ya matatu. Ila ukitoka tu bila kujipanga unarudi umechomwa na jua na hujaona kitu.

La kwanza kabisa ni bahari, inapwa saa ngapi na inajaa saa ngapi, manake ndege wa pwani wanafuata maji, hawafuati saa ya ukutani. Hapa kwetu siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi ukiandama, maji yanakuwa yamepwa sana mnamo saa nne asubuhi, alafu kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi, kwa hivyo ukijua mwezi uko wapi ushajua utoke saa ngapi. Hesabu ikikushinda kuna tide table kwa simu, au bora zaidi muulize mvuvi yeyote, "Shikamoo mzee, leo maji yapwa saa ngapi?" atakwambia hapo hapo bila kuangalia popote. Mimi napenda kufika yakiwa bado yanatoka, kama masaa mawili kabla hayajapwa kabisa, kwa sababu tope linafunuka kidogo kidogo na ndege wanasogea nalo. Yakishajaa wote wamepanda mikokoni au wamejikusanya mahali pakavu wamelala.

Na hii naisema kwa uzito: Nyali na Bamburi watu hufuata mchanga mpaka karibu na mwamba, wanasahau kwamba maji yakianza kurudi hayaji kwa mbele peke yake, yanapita kwenye mikondo yakakuzunguka nyuma, upande wa pwani. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Ukiona tu yamegeuka na wewe geuka, hasa kama una watoto.

Msimu nao uangalie. Kuanzia kama Septemba mpaka Aprili hivi tuna wageni kutoka mbali sana, wengine wamezaliwa Siberia huko. Mtafute sululu, yule wa mdomo mrefu uliopinda kwenda chini. Anautia mdomo kwenye shimo la kaa mpaka karibu na macho, anamvuta, anamtikisa mpaka miguu ya kaa inadondoka mmoja mmoja, anamsafisha kwa maji ndio anameza. Ukikaa chini ukatulia anaweza kula mbele yako hivi hivi. Sasa jamani tusiwafukuze wale ndege ili tupate video wakiruka, kila mruko unakula mafuta wanayohitaji kwa safari ya kurudi, na ukienda na mbwa mfunge.

Kama siku yako haiendani na bahari usikae nyumbani. Haller Park pale Bamburi palikuwa machimbo ya mawe ya simiti, wakaanza kupanda mivinje mwaka 1971 na leo ni msitu kabisa una viboko na twiga, beba ID ulipe bei ya mwananchi, na chakula ufiche ndani ya begi manake tumbili hawaulizi, na usiwape, wakizoea mkono wa mtu ndio wanaanza kunyang'anya watoto. Nguuni, hifadhi nyingine ya wanyama, ni ya jioni, mikoma, pofu, mbuni na jua likizama, ulizia mapema kama wamefungua. Bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari kisiwani, asubuhi na mapema chini ya mibuyu pia panatosha, kufikia saa tatu jua limeshakuwa kali na ndege wengi wamenyamaza.

Vya kubeba si vingi. Maji ya kunywa, kofia, shati la rangi iliyofifia, na lesso, hiyo utakalia, utajifunika, utafutia darubini. Ukienda mikokoni vaa raba kuukuu za kufunga kamba, ndala zitabaki ndani ya tope, na dawa ya mbu kama ni jioni. Kwa simu weka Merlin, app ya kutambua ndege, na upakue pakiti ya ndege wa huku kwetu ukiwa na WiFi, bando lisikuishie huko, inasikiliza sauti ya ndege inakwambia labda ni nani. Darubini ya kuazima inatosha kabisa.

Sehemu zilizojificha kama pande za Tudor creek nenda na mwenzako, uache neno nyumbani, na mkifika wasalimieni wenyeji kwanza mseme mmekuja kuangalia ndege. Kamera au darubini usielekeze bandari, feri wala kambi za jeshi, utapoteza asubuhi nzima ukijieleza.

Alafu makombe na nyota za bahari viacheni pale pale. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa Marine, ambayo imelindwa tangu 1986, ni marufuku, na hata nje yake kombe tupu kuna kaa mdogo analitafuta alifanye nyumba.