Tangi langu la lita 72: kutoka maji baridi hadi maji chumvi kwa mfuko mdogo

Tangi langu ni la vioo, sentimita 60 kwa 30 kwa 40, na kwa miaka mitatu lilifuga samaki wa dhahabu. Nakaa Mtoni Kijichi, Dar es Salaam. Nilitaka kuwa na kipande cha bahari sebuleni bila kununua mitambo ya mamilioni. Mara ya kwanza niliua samaki wanne ndani ya siku tano, na hadi leo inaniuma, kwa hiyo naanzia hapo.

Nilidhani chujio la zamani litaendelea na kazi yake. Ndani ya sponji ya chujio wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo. Bakteria waliozoea maji baridi ukiwabadilishia ghafla maji ya bahari, wengi hufa au huacha kazi. Maji yangu yalikuwa maangavu kabisa, huku samaki wanahema juu juu kwa amonia. Lihesabu tangi lako kuwa jipya, hata kama lina miaka kumi.

Jiulize pia kama uliwahi kutia dawa ya ugonjwa wa madoa meupe wa samaki. Baadhi ya dawa za aina hiyo zina shaba, nayo hunasa kwenye changarawe na kwenye silikoni ya pembeni. Kamba, kaa na konokono wa baharini hawaiwezi hata ikiwa kidogo. Kama uliitumia, fuga samaki peke yao.

Toa changarawe za rangi, toa mimea, toa kila kitu cha chuma kwa sababu kitashika kutu, kisha osha vioo kwa maji matupu bila sabuni. Samaki wangu wa dhahabu aliwachukua jirani.

Sasa maji. Wengi hukimbilia chumvi ya dukani, au chumvi ya mawe ya mashambani huku pwani, wakiamini ni bahari iliyokaushwa. Siyo. Maji yanapokauka kwenye mashamba ya chumvi, kalisi hutangulia kutuama chini, chumvi hufuata, na magnesi hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Ukiiyeyusha chumvi hiyo hupati bahari tena. Kama uko Dodoma au Mwanza, nunua chumvi maalumu ya matangi ya baharini. Lita 60 zinataka kilo 2 na kidogo. Ukiwa pwani, bahari ni bure, ila chagua siku.

Mimi huvuka daraja la Kigamboni hadi ufukweni Mjimwema na madumu matatu ya lita 20 kwenye bajaji. Safari ya kwanza nilifika maji yamekupwa nikaanza kuchota. Mzee mmoja mvuvi, baada ya kuitikia shikamoo yangu, akaniambia, "Mwanangu, hayo ni maji ya kuoshea miguu. Ngoja yajae." Ana haki. Maji yanayojaa huleta maji safi ya nje; yanayokupwa hubeba uchafu wa ufukweni. Usichote karibu na mdomo wa mto, na Msimbazi usiusogelee kabisa. Wakati wa masika maji ya ufukweni huzimuliwa na mvua. Wakati wa kaskazi bahari hutulia na maji huwa maangavu. Yachuje kwa kitambaa cheupe.

Kipimo cha chumvi sikununua. Nina mizani ya jikoni na chupa ya lita moja na nusu. Ijaze maji ya mvua mpaka mdomoni, pima; imwage, ijaze maji ya bahari mpaka palepale, pima tena. Maji yote mawili yawe na joto la chumba. Tofauti ikiwa gramu 38 hadi 40, chumvi yako iko sawasawa na ya bahari.

Mawe ndiyo yaliyoniokoa fedha. Matumbawe ya kujengea, yale yanayochimbwa nchi kavu, ni mifupa ya miamba ya kale: yana matundu ya kukaa bakteria na hayachafui maji. Chagua ambayo hayajaguswa na saruji wala chokaa, yasugue, yaloweke wiki nzima. Tumbawe hai usilivunje popote, na ukienda visiwa vya Mbudya au Bongoyo usiokote chochote, ile ni hifadhi. Chini niliweka mchanga mweupe wa makombe, unene wa sentimita tatu.

Fedha nilizitumia kwa vitu viwili tu: pampu ndogo ya kuzungusha maji, na vipimo vya amonia na nitriti. Hivi usivibanie. Waya wa pampu uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji chumvi lisitambae hadi kwenye umeme. Hita ya nini Dar? Mimi hupambana na joto, kwa hiyo mchana feni hupuliza juu ya maji.

Kisha, ili bakteria wapya waote, weka kamba mmoja mbichi aoze humo. Amonia itapanda, halafu nitriti, halafu zote mbili zitashuka hadi sifuri. Kwangu ilichukua wiki tano. Usiweke samaki kabla ya hapo, hata kama watoto wanalia.

Samaki wa kwanza wawe moli, wale samaki wadogo wa maji baridi wa dukani. Ni wa bei ndogo, na ukiwaongezea maji ya bahari polepole, siku kadhaa, wanazoea chumvi kamili. Baadaye nikaongeza samaki mmoja mdogo wa bluu wa miambani, nikaishia hapo. Tangi hili halitaki zaidi.

Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji yasiyo na chumvi, kwa maana chumvi haikauki pamoja nayo. Nimechora mstari kwenye kioo kwa kalamu ya wino mzito, na kila asubuhi najazia maji ya mvua, kwani kisima cha mtaani kwetu chenyewe kina chumvi. Jumamosi natoa lita kumi na kurudisha lita kumi za bahari. Masika yakikaribia, nachota madumu manne ya akiba, nayafunga na kuyaficha gizani chini ya kitanda mpaka bahari ipone.