Namna ya Kumtambua na Kumdhibiti Nondo wa Machungwa

Ukiona chungwa limeota doa la manjano au la kahawia kuzunguka tundu dogo, ilhali mengine mtini yangali mabichi, lichume ulipasue kwa kisu pale pale kwenye tundu. Ukikuta funza wengi weupe, wasio na miguu wala kichwa kinachoonekana, hao ni wa inzi wa matunda. Kiwavi wa nondo aitwaye kitaalamu Thaumatotibia leucotreta kwa kawaida huwa peke yake, ana kichwa cha kahawia na miguu, na akikomaa hufikia takriban milimita 15, mwili wake ukiwa na rangi ya waridi. Usiwachanganye, kwa sababu mtego wa inzi haumnasi nondo huyu.

Jike hutaga usiku, yai moja moja juu ya ganda, na kiwavi akishaanguliwa hutoboa na kuzama ndani, mahali ambapo dawa ya kunyunyiza haimfikii. Ndiyo maana nasisitiza usafi wa shamba kabla ya fedha yoyote kwenda duka la pembejeo. Kiwavi aliyekomaa hutoka katika tunda, huingia udongoni na kujifumia kifuko cha nyuzi zilizoshikamana na chembe za udongo, kisha huibuka akiwa nondo. Kwa hiyo, angalau mara moja kila wiki, okota machungwa yote yaliyoanguka, chuma yaliyotoboka na yale ya nje ya msimu yaliyosahaulika mtini, halafu yafukie katika shimo la kina kisichopungua nusu mita, au yafunge ndani ya plastiki nzito na kuyaacha juani siku kadhaa. Kuyamwaga pembeni mwa shamba ni kuwafuga nondo wenyewe. Kagua pia mipera iliyo mpakani na pilipili hoho za jirani, maana nondo huyu hula huko vilevile. Tangu 2018 Umoja wa Ulaya umeweka masharti maalumu dhidi yake kwa hoho na machungwa yanayotoka Afrika.

Mtego wenye harufu ya jike hunasa madume tu, hivyo utumie kuhesabu. Idadi ikipanda, nyunyizia dawa ya kirusi kinachoua viwavi hao, jioni, kwani jua hukidhoofisha, na kabla viwavi hawajaingia ndani ya matunda.