SOMO: Kuhama benki Uingereza huku akaunti ina ovadrafti

Wakuu, swali la jinsi ya kuhama benki ukiwa na ovadrafti (ruhusa ya benki kutumia zaidi ya pesa ulizonazo kwenye akaunti, hadi kikomo fulani) limekuja kwa kila sura na nimechoka kulijibu vipande vipande. Naliweka lote hapa. Linahusu akaunti ya kila siku ya mtu binafsi Uingereza. Ya biashara ina mambo yake, sitaigusa.

Kwanza tuelewane: kuhama benki na kuhamisha deni ni mambo mawili. Huduma ya kuhamisha akaunti, Current Account Switch Service, ilianza Septemba 2013. Ndani ya siku 7 za kazi inakuhamishia mshahara, dairekti debiti (malipo ambayo kampuni uliyoiruhusu inajikatia kwenye akaunti yako) na maagizo ya kudumu (malipo uliyoiagiza benki iyatume kila mara), kisha inafunga akaunti ya zamani. Deni la ovadrafti haliji kwa hisani. Ama benki mpya imekubali kulibeba, ama unalilipa mwenyewe.

Hatua ya 1. Fungua programu ya benki ya zamani uandike namba tatu: kikomo ulichopewa, kiasi unachodaiwa leo, na asilimia ya riba kwa mwaka. Watu wengi wanakijua kikomo tu.

Hatua ya 2. Omba ovadrafti benki mpya kabla ya kuchagua tarehe ya kuhama. Anza na kikokotoo chao cha kupima kama unastahili. Hicho hakiachi alama ambayo wakopeshaji wengine wataiona kwenye historia yako ya mikopo. Ombi lenyewe linaacha alama, kwa hiyo usipeleke maombi benki nne wiki moja. Omba moja, subiri jibu.

Hatua ya 3. Pata jibu kwa maandishi, lenye kiasi. "Umekubaliwa akaunti" si sawa na "umekubaliwa ovadrafti ya pauni 800". Unaweza kupata la kwanza ukakosa la pili.

Hatua ya 4. Isome mara mbili, hapa ndipo hata mimi nilichemka. Kiasi unachokiona kwenye programu sicho kiasi kitakachohama. Riba ya ovadrafti inahesabiwa kila siku lakini inakatwa mara moja kwa mwezi. Ukifunga akaunti katikati ya mwezi, riba iliyokusanyika inaongezwa siku ya kufunga. Tuseme unadaiwa 780, riba ni asilimia 39.9 kwa mwaka, na makato ya mwisho yalifanyika siku 28 zilizopita. Hapo kuna karibu pauni 20 ambazo huzioni popote. Ongeza malipo ya kadi ya pauni 15 ambayo hayajapita. Deni la kweli ni 815. Kikomo cha benki mpya ni 800, umezidi kwa 15. Uhamisho unaweza kukwama, au unaanza maisha mapya ukiwa nje ya kikomo siku ya kwanza, na dairekti debiti inayofuata inarudishwa.

Kwa hiyo:
- Acha nafasi ya angalau pauni 50 kati ya deni na kikomo kipya. Deni likizidi 1,000, acha zaidi.
- Siku tatu kabla ya tarehe ya kuhama, weka kadi ya zamani pembeni. Pampu za mafuta, hoteli na kukodi gari hushikilia pesa kwanza, kiasi halisi kinakuja baadaye.
- Pigia benki ya zamani, waulize hivi: "Nikifunga tarehe fulani, nitadaiwa jumla ngapi pamoja na riba?" Ukiuliza salio watakusomea salio.
- Usichague tarehe inayogusana na siku ya mshahara wala ya kodi ya nyumba. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za benki hazihesabiwi katika zile siku 7.

Hatua ya 5. Anzisha uhamisho kupitia benki mpya. Ya zamani usiifunge mwenyewe. Ukiifunga kwa mkono wako umejitoa kwenye huduma, na hakuna atakayekuelekezea malipo.

Hatua ya 6. Siku ya kuhama, hakiki orodha ya dairekti debiti moja moja.

Kama benki mpya imekataa ovadrafti, una njia tatu. Ya kwanza ni kulipa deni lote kisha uhame. Ya pili ni kuhama nusu: akaunti ya zamani inabaki wazi na deni lake, unahamisha malipo unayoyataka tu, na unaweka agizo la kudumu la kulipunguza kila mwezi. Hasara yake ni kwamba dhamana ya huduma (ahadi ya kurudishiwa riba na ada uhamisho ukikosewa) haikuhusu, na pesa zitakazotumwa namba ya zamani hazitakufuata. Halafu kumbuka kwamba ovadrafti hudaiwa wakati wowote. Benki ikiona mshahara haupiti tena inaweza kukipunguza kikomo, kwa hiyo zungumza nao mapema. Ya tatu ni mkopo wa kawaida wenye riba ndogo na tarehe ya mwisho, ukautumia kulipa ovadrafti. Binafsi naipenda ya tatu kwa mtu ambaye ameishi ndani ya ovadrafti zaidi ya mwaka. Sharti ni moja: kikomo cha zamani kifutwe siku hiyohiyo, la sivyo utakuwa na madeni mawili.

Na usiache akiba benki ya zamani ukidhani ipo salama kando ya deni. Benki ina haki ya kuchukua akiba yako iliyo kwao kulipia deni lako lililo kwao.

Maswali karibu. Someni kwanza.

---

Mtu_wa_Pwani: Mkuu nina ovadrafti ya 1,200 nataka kuhama, nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 1 mpaka ya 4. Ukishapata jibu la benki mpya, rudi.

Binti_Hesabu: Ahsante kwa somo. Hiyo pauni 20 umeipataje? Nikigawa 39.9 kwa 12 kisha nikazidisha kwa 780 napata karibu 26.

Mwandishi: Swali zuri dada. Asilimia 39.9 inayotangazwa tayari ina riba juu ya riba ndani yake, ndiyo maana ukiigawa kwa 12 unapata kubwa mno. Kiwango cha siku kinachozaa 39.9 kwa mwaka ni karibu asilimia 0.092. Zidisha kwa 780, unapata peni 72 kwa siku. Mara 28 ni pauni 20 na ushee. Kwa kukadiria haraka: kwa kiwango hicho, kila pauni 100 za deni zinakula karibu peni 9 kwa siku. Na tangu 6 Aprili 2020 hesabu imekuwa rahisi, kwa sababu Financial Conduct Authority, mdhibiti wa huduma za fedha, iliondoa ada za kila siku na za kila mwezi kwenye ovadrafti. Imebaki riba peke yake, kwa kiwango kimoja cha mwaka, na kuzidi kikomo hakuwezi kutozwa riba kubwa kuliko ya ndani ya kikomo.

Binti_Hesabu: Kwa hiyo nikipunguza deni katikati ya mwezi, hata kwa siku kumi tu, kuna faida?

Mwandishi: Ipo. Inahesabiwa kwa salio la kila siku. Pauni 300 zikikaa siku kumi zinakuokolea karibu pauni 2.80. Aliye na akiba isiyozaa kitu huku ana ovadrafti anajitoza faini mwenyewe.

Kobe_Mwendo: Kwani nikihamisha mshahara tu, ya zamani nikaitelekeza na deni lake, watanifanya nini?

Mwandishi: Riba itaendelea, watadai chote, kisha watakuandika kuwa umeshindwa kulipa. Rekodi hiyo inakaa miaka 6. Kama tatizo ni kwamba huna cha kulipa, hilo ni jambo jingine na halina aibu: StepChange, Citizens Advice au National Debtline wanashauri bure. England na Wales kuna pia utaratibu wa siku 60 unaozuia riba na kudaiwa kwa madeni mengi. Unaombwa kupitia mshauri wa madeni, siyo benki.

Fundi_Simu: Mimi nilihamishwa bila kuulizwa deni wala nini, na benki mpya ililibeba lote. Hatua ya 2 inatisha watu bure.

Mwandishi: Ulipojaza fomu kulikuwa na sehemu ya ovadrafti, ukajaza, wakakubali. Hiyo ndiyo hatua ya 2. Bahati yako haifuti kanuni.

Mama_Wawili: Akaunti ni ya pamoja na mume wangu, ina ovadrafti 600. Naweza kuhamia akaunti yangu peke yangu?

Mwandishi: Kwa huduma hii hapana, mama. Ya mtu mmoja inaweza kuhamia ya pamoja, lakini ya pamoja haihamii ya mtu mmoja. Nanyi nyote wawili lazima mkubali uhamisho. Jambo zito zaidi ni kwamba katika deni la pamoja kila mmoja anadaiwa lote. Si 300 kwa 300. Kama mnatengana, omba kikomo kishushwe mpaka kwenye deni lililopo leo ili lisikue, kisha mkubaliane nani analipa nini.

Mhitimu_Leeds: Nilikuwa na akaunti ya mwanafunzi, ovadrafti isiyo na riba. Nimemaliza chuo. Nihame sasa?

Mwandishi: Angalia kwanza akaunti za wahitimu, ya benki yako na za wengine. Nyingi zinapunguza sehemu isiyo na riba mwaka hadi mwaka, mpaka miaka mitatu hivi. Ukikimbilia akaunti ya kawaida, riba inaanza mara moja. Linganisha kikomo cha mwaka wa pili na wa tatu, usitazame wa kwanza peke yake.

Mzee_Taarifa: Naongezea: pakueni taarifa za akaunti kabla ya kufunga. Programu ya zamani ikifungwa, kuzipata ni kuandika barua na kusubiri. Ombi la viza ya mwenza kwa aliyeajiriwa kwa kawaida linadai za miezi 6.

Mwandishi: Sahihi kabisa mzee. Jingine kama hilo ni malipo yanayokatwa kwa namba ya kadi. Filamu, gym, na zile programu za kutuma pesa nyumbani hazihamishwi na huduma. Badilisheni kadi wenyewe.

Kobe_Mwendo: Benki mpya imenikatalia ovadrafti, inasema haikuthibitisha anwani yangu vizuri.

Mwandishi: Umejiandikisha kwenye daftari la wapigakura? Mkenya, Mtanzania na Mganda mwenye ukaazi halali anaruhusiwa, kwa kuwa nchi zetu ziko Jumuiya ya Madola. Wakopeshaji wanalitumia daftari hilo kuthibitisha jina na anwani. Ni bure. Jiandikishe, subiri rekodi isasishwe, ndipo uombe tena.

Fundi_Simu: Haya, nami niulize kwa adabu. Dairekti debiti moja haikuhamia, ya zamani ikakatalia malipo, nikatozwa. Nani analipa?

Mwandishi: Kama ulihama kikamilifu, benki mpya. Dhamana inasema wakijulishwa watarudisha riba na ada ulizotozwa kwenye akaunti zote mbili kutokana na kosa la uhamisho. Waandikie, taja tarehe, ambatisha picha ya makato. Wakikaa wiki 8 bila jibu la mwisho, au wakikukatalia, peleka kwa Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa malalamiko dhidi ya benki. Una miezi 6 tangu tarehe ya jibu lao la mwisho.

Mtu_wa_Pwani: Nimerudi. Wamenikubalia 1,200. Deni langu ni 1,190.

Mwandishi: Hatua ya 4, mkuu. Lipa angalau 100 kwanza, kisha chagua tarehe.