Somo: Kukata na Kushona Taiti ya Kubana ya Mkimbiaji

Taiti ya kwanza niliyomshonea mkimbiaji ilirudi kwangu baada ya mazoezi ya asubuhi moja tu. Binti aliyeivaa alipandisha pindo, nikaona juu kidogo ya kifundo cha mguu mfereji mwekundu uliozunguka mguu mzima, wenye kina cha kutosha kulaza uzi mnene ndani yake, na akaniambia kuwa vidole vilianza kufa ganzi kwenye kilomita ya tano. Nilikuwa nimepunguza vipimo vyake vyote kwa asilimia 18, kuanzia paja mpaka kifundo, nikiamini kwamba punguzo lililo sawa litabana sawa. Somo hili limetokana na kosa lile, kwa hiyo ninamwomba msomaji asiruke sehemu ya vipimo hata kama ameshona nguo kwa miaka mingi.

Hatua ya 1: Kitambaa

Tafuta kitambaa cha nailoni au polista kilichochanganywa na spandeksi, ule uzi ambao madukani tumezoea kuuita laikra ingawa Lycra ni jina la biashara. Uzi huo ulibuniwa mwaka 1958 na Joseph Shivers katika kampuni ya DuPont ya Marekani, na ndio unaoifanya nguo irudi mahali pake baada ya kuvutwa. Kwa taiti ya kubana ninapendelea spandeksi isiyopungua asilimia 20, kwa sababu kitambaa chenye kiasi kidogo huvutika vizuri lakini hakisukumi misuli.

Muuzaji mara nyingi hajui asilimia hiyo, basi pima mwenyewe. Weka alama mbili zilizoachana kwa sentimita 10 katika upande unaovutika zaidi, vuta juu ya rula mpaka zifike sentimita 17, shikilia kwa dakika moja, kisha achia. Zikirudi kwenye 10, kitambaa kinafaa. Zikibaki kwenye 10.5, magoti ya taiti hiyo yatafanya mifuko mapema, na hakuna ufundi wa kushona utakaoiokoa. Kikiwa bado kimevutwa, weka kiganja nyuma yake: ukiona mistari ya kiganja, mkimbiaji naye ataonekana atakapoinama kufunga kamba za viatu.

Fua kitambaa kabla ya kukata, kisha ukilaze usiku kucha juu ya meza bila kukining'iniza, kwa kuwa kilikuwa kimevutwa kwenye jora na kinahitaji kupumzika.

Hatua ya 2: Vipimo

Mpime mkimbiaji akiwa amesimama, asubuhi kabla ya mazoezi, miguu ikiwa haijavimba. Tepu iguse ngozi bila kuibonyeza. Chukua mzunguko wa kiuno, makalio, paja, juu ya goti, shavu la mguu na kifundo, na kwa kila kipimo andika pia kimo chake kutoka sakafuni, maana mzunguko usio na kimo haukuambii mahali pa kuuweka kwenye patani, yaani mchoro wa kukatia.

Sasa nieleze kwa nini binti yule alikufa ganzi. Kanuni inayoitwa kwa jina la Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, inasema kwamba shinikizo la kitambaa kilichozungushwa ni mvutano wake ukigawanywa kwa nusu kipenyo cha kitu kilichozungushiwa. Maana yake kwetu mafundi ni kwamba kitambaa kilekile, kikivutwa vilevile, hubana zaidi pale palipo pembamba. Paja lake lilikuwa na sentimita 54 na kifundo 22, kwa hiyo kifundo kilibanwa karibu mara mbili na nusu ya paja.

Kubanwa zaidi chini si kosa lenyewe, mradi kusizidi. Conrad Jobst, mhandisi wa mjini Toledo, Marekani, aliyekuwa akiugua mishipa ya miguu, alitambua kwamba alipata nafuu akisimama katika bwawa la kuogelea, kwa sababu maji husukuma kwa nguvu zaidi kadiri kina kinavyoongezeka. Soksi za tiba alizobuni zilifuata mpangilio huohuo: nguvu kubwa kifundoni, ikipungua taratibu kuelekea juu.

Kwa binti yuleyule nilikata upya hivi: kifundo nilikipunguza kwa asilimia 12, kikawa sentimita 19.4, shavu la mguu kutoka 35 kwa asilimia 15, likawa 29.8, paja kwa asilimia 18, likawa 44.3. Ukipiga hesabu ya mvutano na mzunguko, shavu hupata takriban asilimia 80 ya shinikizo la kifundo, na paja theluthi mbili. Juu ya goti nilipunguza asilimia 12 tu, kwa kuwa goti hukunjwa maelfu ya mara katika mbio moja. Urefu sikuupunguza, kwa sababu kitambaa kinapovutwa kwa upana hujifupisha chenyewe. Nafasi ya mshono, milimita 7 kila upande, huongezwa baada ya mapunguzo yote.

Kumbuka pia kisigino. Pindo la sentimita 19.4 lazima lipite kwenye kisigino chenye mzunguko wa 31 hivi, na ndiyo sababu katika Hatua ya 1 nilisema uvute kitambaa cha jaribio mpaka 17.

Hatua ya 3: Kukata

Upande unaovutika zaidi uzunguke mguu. Chora kila mguu kama kipande kimoja ili ubaki na mshono mmoja, na usogeze mshono huo nyuma kidogo ya katikati ya paja la ndani, mahali ambapo mapaja hayasuguani. Kwenye msamba weka kipande chenye umbo la almasi badala ya kukutanisha mishono minne mahali pamoja. Pini zipite ndani ya nafasi ya mshono tu.

Hatua ya 4: Kushona

Tumia sindano ya vitambaa vya kuvutika, yenye ncha ya mviringo, namba 75/11. Sindano kali hukata nyuzi za spandeksi, na dalili yake ni vijinywele vyeupe vinavyochipuka kando ya mshono baada ya kuvaliwa mara chache. Ovaloki ya nyuzi nne, yaani cherehani inayoshona na kufunga ukingo wa kitambaa kwa pamoja, ndiyo bora. Kwenye cherehani ya nyumbani, shona zigizaga nyembamba. Vuta kila mshono mpaka kitambaa chenyewe kigome. Uzi ukikatika, fumua urudie. Kiunoni weka lastiki pana, isiyobana kuliko taiti yenyewe.

Hatua ya 5: Kujaribu

Achuchumae mara kumi, apande ngazi, akimbie dakika 20, kisha avue. Alama nyepesi ya mshono inayofutika ndani ya nusu saa haina neno. Ganzi, mfereji au ngozi iliyobadilika rangi vinadai nguo ipanuliwe siku hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo fundi. Nina cherehani ya kukanyaga inayoshona mstari ulionyooka tu. Je, naweza?

Jibu: Marahaba. Mshono ulionyooka utakatika paja litakapotanuka. Kata na ubane pini nyumbani, kisha mpelekee mwenye ovaloki akushonee kwa malipo. Sehemu ngumu ya kazi utakuwa umeshaimaliza wewe.

Swali: Je, taiti hizi humwongezea mtu kasi?

Jibu: Nisingemuuzia mteja kwa ahadi hiyo. Faida inayotajwa zaidi na wanaozivaa ni misuli kutotikisika sana na maumivu kupungua kesho yake.

Swali: Mama yangu ana kisukari na miguu yake huvimba. Nimshonee soksi za kubana?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, tafadhali. Mtu mwenye kisukari anaweza kuwa na mishipa iliyoziba au asihisi maumivu ya kubanwa, na mguu ukaumia bila yeye kujua. Mpeleke hospitali wapime mtiririko wa damu kwanza. Soksi za tiba hupimwa kwa milimita za zebaki, kipimo cha shinikizo ambacho meza ya fundi haina.

Swali: Binti yangu hukimbia akiwa amejistiri, na huvaa taiti ndefu ndani ya sketi. Huku pwani kuna joto. Nifanyeje?

Jibu: Dada, chagua nailoni nyepesi ya rangi iliyokolea ambayo imepita jaribio la kiganja, na punguza paja kwa asilimia 12 badala ya 18, kwa kuwa anahitaji zaidi sitara kuliko kubanwa, kifundo na shavu vipunguze kwa asilimia 8 tu. Aifue kwa maji baridi kila baada ya mazoezi, bila dawa ya klorini, na aianike kivulini. Jua kali na pasi ya moto huchosha spandeksi upesi.