Jinsi ya kuwasha taa kwa maji ya moto na ya baridi, hapahapa Chuga

Kuna mshkaji kaniuliza ule umeme wa bahari, unaotokana na maji ya juu kuwa vuguvugu na ya chini kuwa baridi, si na sisi tungejaribu, nikamwambia kaka Arusha bahari tutaitoa wapi, ila kanuni yake unaijaribu hata jikoni.

Tafuta peltia mbili, vile vibamba vyeupe vyenye waya mwekundu na mweusi, vinavyotoa umeme upande mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa baridi, waulizie mafundi wa dispensa za maji, zile za bei chee ndo zinapozea hivyo. Unga mwekundu wa moja na mweusi wa nyingine, waya mbili zinazobaki ndo zinaenda kwenye taa, maana moja peke yake inaweza isifikishe volti kama 2 za taa ya LED nyekundu (nyeupe inataka kama 3, achana nayo kwanza).

Hitsinki ya kompyuta mbovu, kile chuma chenye mapezi cha kupozea, isimamishe kwenye beseni la maji baridi, mapezi chini, juu yake panga peltia kando kwa kando, zote zikiangalia upande mmoja, paka pesti ya kupitishia joto pande zote mbili, halafu kandamiza na kisufuria cha maji yaliyotoka kuchemka. Waya zisilowe. Isipowaka geuza miguu ya LED. Na usije ukaweka peltia jikoni motoni, lehemu ya ndani itayeyuka.

Sasa taa ikianza kufifia watu wanakimbilia kuongeza maji ya moto, wakati ukigusa hitsinki unakuta nayo imeshapata joto. Kinachotoa umeme ni tofauti ya joto kati ya pande mbili, kwa hiyo badilisha ya baridi, maji ya bomba ya mwezi wa 7 yanavyong'ata yanatosha kabisa.

Baharini ndo hivyohivyo ila kugumu zaidi, juu nyuzi 25 na kitu, mita 1000 chini kama 5, tofauti 20 tu, so wanatumia amonia inayochemka hata kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, mvuke wake unazungusha tabo, ile mashine ya mapanga inayoendesha jenereta. Hawaii mwaka 2015 walifungua mtambo wa kama kilowati 100. Zamani, 1930, Mfaransa Georges Claude alipata kilowati 22 kule Cuba, kwa maji ya baridi aliyoyavuta na bomba refu kutoka chini.

Mimi nilichoka kubadilisha beseni nikaweka mpira wa bombani maji yapite muda wote, taa ikatulia safi, ila mita ya maji nayo inazunguka tu, hapo nikamwelewa Claude, maana pampu zake zilikula umeme kuliko aliozalisha. Ukimaliza zikaushe peltia, zikikaa na unyevu zinakufa.